Siku Kumi na Moja Hadi Kwenye Josho

Wilayani, 9 Agosti 2006

Mdogo wangu Sevjid,

Kiangazi kinakupitia vizuri huko mjini? Huku kinapita. Mifugo imenona, mbuzi hawana upele mwaka huu, goti la wifi yako Pagma linamsumbua lakini mdomo wake mzima kabisa, anakusalimu. Maziwa ya farasi yamechacha vizuri na nayanywa peke yangu, kwa kuwa wageni wangu walinikimbia.

Salamu zimeisha. Sasa keti, maana nimekasirika.

Ni mtu gani mwenye akili zake anayemwacha kaka yake wa miaka sabini na saba kwenye malisho ya watu, na hema halijakunjwa, na sufuria ya nyama iko motoni, akapanda lori la sufu la dereva asiyemjua hata jina? Nilikuita mara tatu. Batsuuri mwanao aligeuka, wewe hukugeuka. Nyama ile nimeila siku tatu. Pito la mlima la Ulaan Davaa nimelivuka peke yangu na gari ambalo breki zake zinasikiliza zikitaka, na pale kileleni kwenye chungu ya mawe, kwenye ovoo, nimezunguka mara tatu kama inavyotakiwa huku nikikutukana. Mlima umesikia yote. Ukiota ndoto mbaya, ndiyo hiyo.

Na kwa sababu gani? Kwa sababu nilikosea. Mtu hawezi kukosea? Ulitaka kupelekwa pale ulipozaliwa ugaagae juu ya ardhi yako kama watu wote wanavyofanya. Sawa. Ulipozaliwa mimi nilikuwa na miaka kumi na moja, na hakuna mtu mwingine aliye hai wa kuulizwa. Mierebi ni mierebi, vijito ni vijito. Nikaona mierebi na kijito, nikasema hapa. Ukavaa joho lako la hariri, ukagaagaa, ukafurahi. Kisha akatokea yule Tsend na mbuzi wake, mwanamke asiyejua kupita na kunyamaza, akasema palikuwa josho la kondoo la ushirika. Basi? Kama ni josho, angalau upele hutaupata hadi kufa.

Tuma mtu achukue kofia yako. Au njoo mwenyewe uombe radhi.

Kaka yako,
Choijil


Ulaanbaatar, 2 Septemba 2006

Kaka Choijil,

Nimepokea salamu. Sisi wazima. Wajukuu wameanza shule jana na mashada ya maua, yule mdogo amelia langoni. Baridi bado lakini majirani wameshaanza kuchoma makaa. Mwambie Pagma nimempelekea dawa ya kuchua kwa dereva wa basi, aipake jioni, asimpake mbuzi.

Umeandika "nilikosea" kama mtu aliyevaa soksi mbili zisizofanana. Nimeendesha basi la umeme katika jiji hili miaka ishirini na sita, Kaka. Theluji, sherehe, walevi. Sikuwahi hata siku moja kumshusha abiria kituo kisicho chake nikamwambia umefika.

Na hukukosea. Nimelala kitandani mwezi mzima nikiirudia safari yetu siku moja moja, na sasa naiona. Kutoka kwako hadi malisho ya masika tuliyokuwa tukihamia ni siku mbili, na hata tatu kwa mvivu. Sisi siku kumi na moja. Siku ya tatu tulipiga hema kwenye ziwa tukakaa pale usiku mbili kwa sababu, ulisema, "gari linataka kupumzika." Gari! Siku ya sita nimeamka alfajiri kwenda kujisaidia, nikakukuta kichwa chako ndani ya injini. Batsuuri akaniambia, "Mama, mjomba anafungua anachofunga jioni." Tukacheka. Nikasema, mwache, kaka yangu amefurahi kuwa nami, anataka safari isiishe. Kila pito ulizunguka ovoo mara tatu, kisha tatu nyingine, kisha ukakaa kuvuta kiko. Mimi mjinga nikadhani umekuwa mcha Mungu uzeeni.

Halafu siku ya kumi na moja, kabla hata ya kulipanda pito la Khökh Davaa, ukasema hapa. Na nilipokuwa nagaagaa ulikuwa unatazama upande mwingine. Batsuuri alinipiga picha. Ninayo hapa. Mimi niko chini miguu juu kama punda, nacheka meno yote nje, na wewe nyuma umegeuza uso.

Ulijua kuhusu moyo wangu. Nilikuambia usiku wa kwanza, kabla hata ya chai kupoa. Daktari amenipa kiangazi kimoja cha milima. Kimoja, Kaka. Baada ya hapo, nisipande tena. Nimekitumia kwenye josho la kondoo.

Udongo niliobeba kwenye kitambaa cha buluu nimeumwaga dirishani. Umemwangukia mtu wa ghorofa ya kwanza, tumegombana.

Sasa nataka jambo moja tu. Niambie nilizaliwa wapi. Chora ramani. Batsuuri atakuja kabla ya theluji, atavuka Khökh Davaa, aniletee udongo wenyewe, niumwage sakafuni nigaagae humu humu ghorofa ya tatu, majirani wacheke. Nimepiga simu posta yenu mara mbili, wakasema umeitwa na hukuja.

Sevjid


Wilayani, 6 Oktoba 2006

Mdogo wangu Sevjid,

Vuli imekupata na afya? Sisi tumekwisha kusokota sufu ya ngamia, tumechinja maksai wa majira ya baridi, ana mafuta vidole vitatu mgongoni. Pagma amepaka dawa yako, goti limepona, sasa anatembea kwa majirani kunisengenya. Mbwa mwitu wamekula ndama mmoja wa Tsend. Sikumwombea mabaya, lakini sikulia.

Simu ya posta siiendei. Pale ukipiga chafya kwenye simu, wilaya nzima inakwambia pona. Ukitaka kunitukana tumia kalamu kama watu.

Ramani siwezi. Mimi nilisoma majira ya baridi manne tu, kuchora ramani hatukufika. Tulifika kwenye kuhesabu kondoo wa mtu mwingine.

Batsuuri asije. Khökh Davaa imekwisha kuziba kwa theluji, barabara mbovu, na huko hakuna cha kuona. Mahali ni mahali. Udongo ni udongo. Ukiutaka sana chukua wa bustani ya mjini, nao ni wa nchi hii hii.

Na kwa kuwa unapenda kuhesabu siku, nami nina hesabu yangu. Uliondoka hapa mwaka elfu moja mia tisa sitini na nne na sanduku la mbao na nywele mbili za kusuka. Ulirudi kumzika Baba, ukakaa siku tano. Ulirudi kumzika Mama, ukakaa siku tatu, kwa sababu basi lako la umeme lingelia. Miaka arobaini na miwili, Sevjid! Ulikuwa na moyo mzima miaka yote hiyo, na milima ilikuwa pale pale, na mimi nilikuwa hapa nikiangalia barabara. Ukaileta milimani hiyo mashine mbovu ya kifuani dakika ya mwisho, halafu mwenye kosa ni mimi.

Kuhusu injini: ilikuwa na hitilafu.

Kofia yako Pagma anaivaa.

Choijil


Ulaanbaatar, 14 Novemba 2006

Choijil,

Sisi hatujambo. Tumaini langu nanyi hamjambo.

Nimemwandikia Tsend. Amejibu, kurasa nne, mwandiko mzuri, hana haja ya kusoma majira ya baridi manne ili aseme kweli.

Anasema ng'ambo ya Khökh Davaa hakuna tena malisho yetu ya masika. Anasema kuna shimo. Wachimba dhahabu wana mwaka wa tatu pale, mashine zinafanya kazi na taa, mto umekuwa rangi ya chai ya maziwa na mbuzi wanaukataa. Anasema kabla ya kuchimba waliitisha mkutano wa wananchi, wakataka ridhaa ya wenye malisho yale. Na karatasi ya ridhaa imebandikwa ukutani ofisini, kila mtu anaiona akienda kuchukua pensheni.

Anasema jina la kwanza ni lako.

Jibu hilo. Habari za maksai usiniandikie.

Sevjid


Wilayani, 28 Januari 2007

Sevjid,

Barua yako ilifika mwanzo wa Desemba. Nimeiweka nyuma ya kioo. Kila nikinyoa, naiona. Nimefuga ndevu.

Umenivua ukaka. Umeandika "Choijil" tupu, kama karani anayeita foleni. Hata mlevi wa sokoni ananiita kaka. Nilikasirika wiki mbili. Nikamwambia Pagma, "Unaona alivyoniandika?" Pagma akasema, "Naona. Na wewe jibu ulichoulizwa, mbuzi mzee." Ndani ya nyumba yangu mwenyewe, na kofia yako kichwani.

Basi jibu ni ndiyo. Ni mkono wangu.

Lakini sikiliza mkono huo ulivyopanda. Katika ushirika nilikaa miaka thelathini na moja, na kila mwezi kulikuwa na mkutano, na kila mkutano ulikuwa na mtu mezani anayesema "Nani anakubali?" na sisi sote mikono juu. Mpango wa sufu: juu. Pongezi kwa kamati: juu. Kumfukuza fulani ambaye jana tumekunywa naye: juu. Hakuna aliyewahi kuuliza nani hakubali, kwa sababu hapakuwa na muda, watu walitaka kwenda kukamua. Mkono ukafundishika, kama farasi wa kuvuta maji, ambaye hata ukimfungulia anakwenda mwenyewe hadi mtoni na kurudi.

Ule mkutano nilikaa mbele kwa sababu ya jiko. Nilikuwa nasinzia. Kijana mwenye koti la ngozi alikuwa akisema kuhusu kisima, na jiko jipya la shule, na kazi kwa vijana. Halafu akasema yale maneno, "Nani anakubali?" Nimefumbua macho nikaona mkono uko juu, nikashangaa ni wa nani. Wangu. Wa kwanza. Wengine wakaona mzee Choijil amekubali, na yale ndiyo malisho ya baba yake, sisi ni nani? Wakainua. Nikajua nimefanya nini kabla sijaushusha. Na sikuushusha, Sevjid. Hilo ndilo ninaloona aibu nalo. Niliona haya kushusha mkono mbele za watu. Nikauacha juu hadi wakamaliza kuhesabu, nikatia saini.

Kisima wamechimba. Maji yake yana chumvi.

Ulipoandika mwaka jana kwamba unakuja kugaagaa, nilitaka kukwambia. Nikasema, nitamwambia akishuka basi. Ukashuka basi ukiwa na biskuti na ule mfuko wa dawa zako. Nikasema, nitamwambia pito la kwanza. Pito la kwanza ukaimba. Nikasema ziwani. Ziwani ulivua viatu ukaingia majini umevaa suruali ya Batsuuri, mkawa mnarushiana maji naye, na mimi nikafungua waya wa injini ili nipate siku moja zaidi ya kutafuta maneno. Siku kumi na moja nilikuwa nayatafuta. Kila jioni nikipiga hema, nakaa, nakutazama unavyopuliza moto wa samadi na macho yamejaa moshi unacheka, nasema: kesho. Ile siku ya mwisho pito lenyewe lilikuwa mbele yetu, na ukilivuka unaona shimo lote kwa mara moja, kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa meno. Nikaona mierebi. Mdomo nao ukafanya kama mkono.

Sasa nitakwambia ulipozaliwa, kwa kuwa ndilo ulilouliza.

Tulikuwa tunahama, masika, upepo wa kung'oa masikio. Baba amekwenda mbele na kondoo. Mama alikuwa juu ya ngamia, mimi nimeshika kamba. Tulipokwisha kushuka Khökh Davaa kulikuwa na mwamba wenye umbo la tandiko. Mama akasema, "Choijil, mlaze ngamia, geuka nyuma, usitazame." Nikageuka. Baadaye akasema, "Geuka." Nikageuka. Akasema, "Tandaza joho lako, ardhi ni barafu." Nilikuwa na joho moja. Nikatandaza pindo, ukaangukia hapo. Hukugusa ardhi, Sevjid. Ulikuwa umeanza kulia kabla hujamaliza kutoka, umekunja ngumi, umekasirika. Baba aliporudi alisimamisha ger, hema letu la sufu, pale pale nyuma ya mwamba, tukakaa mwezi. Kondo la nyuma alilifukia kwa shoka, ardhi ilikuwa ngumu. Na mimi nilikwenda shule vuli ile na joho lenye doa, wakaniita mkunga hadi nilipoacha shule.

Mwamba wameulipua kwa baruti mwaka wa kwanza. Mahali pale sasa ni hewa. Shimo linaingia chini, sijui hatua mia.

Ukiona joho la nani lilikupokea, labda hasira yako itapungua kidogo.

Kaka yako, hata usipoandika,
Choijil


Ulaanbaatar, 12 Machi 2007

Choijil,

Salamu za Mwezi Mweupe sikukutumia kwa makusudi. Miaka yote sitini na sita ya maisha yangu, popote nilipo, asubuhi ya mwaka mpya nageukia upande wenu, nainyosha mikono, nasema amani kwa kaka yangu. Mwaka huu nilikunja mikono. Wajukuu waliniuliza, "Bibi, na babu wa milimani?" Nikasema, kuleni maandazi.

Barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko unavyostahili.

Unajua kilichonichoma zaidi? Si shimo. Shimo limechimbwa na watu wenye njaa ya dhahabu, na ninyi mmelala, na nchi nzima imelala. Wala si josho. Ni hiyo hadithi ya joho. Miaka sitini na sita umekaa nayo! Mama hakuniambia, Baba hakuniambia, wewe uliyenishika hukuniambia. Nimekaa nawe mbele ya moto usiku kumi, nikikuuliza, "Kaka, nilikuwaje nilipozaliwa?" ukasema, "Mwekundu." Umeitunza kama mganga anavyotunza dawa, ukaitoa siku uliyoniumiza, ili nilie, nisahau nilichokuwa nadai. Nimelia. Sijasahau.

Na hasira yangu haikupungua. Imeongezeka. Ulinipokea mkononi, halafu ukanitoa kwa mkono huo huo. Ungekuwa mgeni ningekusamehe.

Usiniambie mkono ulifundishika. Mimi nami nilikaa mikutanoni. Mkono nao una mwenyewe.

Tsend ameniandikia tena. Wachimbaji wanataka kuongeza eneo, wavuke upande huu wa Khökh Davaa, wachukue bonde la mierebi hadi kijitoni. Mkutano ni Mei. Sikuagizi kitu. Nimechoka kukuagiza. Nakujulisha tu kwamba najua tarehe.

Pagma abaki na kofia.

Sevjid


Wilayani, 20 Mei 2007

Mdogo wangu,

Vumbi la masika limekwisha, wana-mbuzi wamezaliwa mia na arobaini, kumi na mmoja wamekufa kwa baridi. Pagma mzima. Sisemi zaidi, najua huzitaki habari za mifugo, lakini barua isiyo na salamu naiona kama mtu aliyetoka nje bila suruali.

Mkutano ulikuwa juzi, ukumbi wa shule. Yule kijana wa koti la ngozi amenenepa. Amesema tena kisima, mara hii kikubwa. Mwenyekiti akasema, "Nani anakubali?"

Bega likaniwasha kama lina utitiri. Nakwambia kweli. Nikaushika mkono ule kwa mkono wa pili. Karibu watu wote juu, mimi nimejishikilia kama mtu aliyevunjika. Mwenyekiti akanitazama. Nilikuwa mbele tena, jiko ni lile lile.

"Mzee Choijil, umekubali au umelala?"

Nikasema, "Leo niko macho."

"Basi inua, mzee, tumalize. Watu wana mifugo."

"Nina mifugo mia tatu na mimi. Niulize swali la pili."

"Swali gani la pili?"

"Nani hakubali."

Ukumbi ukacheka. Hawakuwa wanacheka kwa ubaya, walicheka kama mtu anavyocheka farasi akiongea. Mwenyekiti akapekua karatasi zake kana kwamba limeandikwa humo. Akasema, haya, nani hakubali? Nikasimama kabisa. Nikasema, yale malisho ya kwanza mliyachukua kwa mkono wangu. Nikasema, nina dada mjini ambaye hana tena mahali pa kulala chini akasema nimetoka hapa, na mimi ndiye niliyefanya. Nilitaka kusema zaidi, lakini meno ya bandia yakalegea.

Tsend akasimama. Mume wa Tsend akavutwa na Tsend, akasimama. Na mwalimu mmoja kijana wa hesabu, mgeni hapa, sijui watamwacha.

Tulikuwa wanne. Wao hamsini na wawili. Mashine zinaingia bonde la mierebi mwezi wa saba.

Dereva wa maji hanisalimu, mwanawe amepata kazi huko. Nilipotoka ukumbini mtu amenitolea upepo matairi yote manne. Nimeyajaza kwa pampu ya mkono, peke yangu, nikawa natukana hadi nikasahau umri. Sikuwahi kukasirika vile tangu nizaliwe. Nilikuwa nadhani nimekukasirikia wewe mwaka mzima huu. Siyo.

Sikuandiki ili unisamehe. Tumeshindwa, kwa hiyo hakuna cha kulipia kitu. Nakujulisha tu, kama ulivyonijulisha.

Choijil


Ulaanbaatar, 11 Juni 2007

Wewe mzee,

Barua yako imefika asubuhi, nimeisoma nimesimama jikoni, maziwa yakamwagika motoni, Batsuuri akaja mbio akidhani ni moyo.

Hamsini na wawili! Watu hamsini na wawili, na wote nimewajua mama zao. Nimepiga meza hadi kikombe kimeanguka. Halafu nimekaa chini, nikalilia josho. Mimi. Josho la kondoo, la dawa ya upele, lenye saruji iliyopasuka chini ya majani. Nimeitoa ile picha, nikatazama mierebi nyuma yako, nikasema: na hapo napo! Hapo nilicheka, Kaka. Ulinidanganya, na nilicheka kweli, na sasa hata mahali pa uongo wanapachukua. Sijui nani alinipa ruhusa ya kuwa na uchungu na josho, lakini ninao.

Sikusamehi. Nakwambia mapema ili usije umevaa nishani zako. Labda baadaye, labda hapana. Mambo mengine mtu hafiki.

Sikiliza lakini. Nimekwenda kwa daktari. Nimemwekea ramani mezani, nikamwambia aweke kidole mpaka wapi. Ameweka kidole kwenye mto mkubwa, chini ya pito la kwanza, upande huu. Amesema hapo ninaweza kukaa, mradi nisipande hata hatua moja. Wanasema kuna nyasi, kuna kivuli kidogo, na mbu wengi. Hapo hapakuzaliwa mtu wa kwetu, hapakufa mtu wa kwetu, hakuna josho wala dhahabu. Nimeuliza.

Tarehe ishirini Julai nitakuwa hapo na Batsuuri na wajukuu wawili. Wewe vuka mapito yote yaliyo kati yetu, wewe na Pagma, na hilo gari lako. Usikimbie, breki zako nazijua. Pigeni hema kila jioni. Kwenye kila ovoo zungukeni mara tatu, siyo sita. Waya wa injini usiuguse, Pagma atakutazama. Lete lile hema kubwa, lete sufuria, na lete kofia yangu.

Tutakaa siku kumi na moja. Utapika wewe. Nitakuwa nimekasirika siku nyingi kati ya hizo, na utavumilia. Wajukuu wanataka kuambiwa habari za mkunga, utawaambia mwenyewe, yote, nami nitasikiliza nikiwa nimegeukia upande mwingine.

Siku nitakayopata nguvu, nitalala chini nigaagae, na joho lolote nitakalokuwa nalo. Usinisaidie. Ukiniona nimelala chali nikakuuliza, "Kaka, hapa ni wapi?" sema hujui.

Sevjid